Shikamoo Iliyomponyoka Mama Chediel

Tangu wamzike mumewe, Ezekieli, Mama Chediel hakuwahi kulala chumba kimoja na ile bastola. Aliifungia kwenye sanduku la bati, akahamia chumba cha wajukuu, na hata huko alihisi kama kuna mtu amekaa juu ya sanduku anamsubiri. Mumewe alikuwa amepewa kibali cha kuimiliki zamani, alipokuwa mweka hazina wa chama cha ushirika pale Kinampanda, ili alinde fedha za pamba za wakulima. Hakuwahi kuilenga hata kwa mbwa. Sasa chama kimekufa, mweka hazina naye kafa, iliyobaki hai ni bastola.

Polisi walimweleza kwa adabu kwamba kibali hakirithiwi. Aiuze mbele yao kwa mtu mwenye kibali chake, au aisalimishe serikalini, na akisalimisha asitegemee kitu. Paa lilikuwa linavuja. Akasema atauza. Baada ya muda afande akamtumia habari kwamba mnunuzi amepatikana, mfanyabiashara, kibali chake safi, aje nayo kituoni Kiomboi.

Aliitia kwenye kikapu, akaifunika kwa mtama, akapanda nyuma ya baiskeli ya Chediel, mwanawe wa pekee. Kila jiwe barabarani lilimfanya akiinue kikapu juu, maana hakujua kama mle ndani mna risasi, na hakuthubutu kutazama. Majirani waliouliza aliwaambia anakwenda mashineni kusaga.

Chediel akabaki nje na baiskeli. Mama akaingia, na aliyemkuta amekaa mbele ya meza ya afande ni Leonidas.

Huyo ndiye aliyeuziwa ghala la chama. Siku hizo neno lilikuwa ruksa, na mali ya wote ikawa ruksa kwa mmoja. Ghala ambalo wanaume wa Kinampanda walilijenga kwa mikono yao, wake zao wakibeba maji kichwani bila kulipwa hata sabuni, liliuzwa mezani huko mjini, na waliolijenga wakapata habari kwa mlinzi mpya getini. Kisha Leonidas akasema na mashamba yanayolizunguka ni yake. Chediel na wenzake walikuwa na alizeti humo, wakakataa kutoka. Leonidas hakugombana nao. Aliwaambia tu atarudi akishakuwa na cha kulindia mali yake.

“Shikamoo, mama,” alisema Leonidas, akainuka kidogo kwenye kiti. Alikuwa rika la Chediel.

“Marahaba,” akajibu, na sauti yake ikamtoka nyembamba kama ya mtoto.

Afande akaitoa bastola kwenye mtama, akaikagua, akasema haina kitu. Akauliza kama anauza kwa hiari yake. Mama akatikisa kichwa kukubali, kwa kuwa hakuna aliyemlazimisha. Kila kitu pale kilikuwa halali, na hilo ndilo lililomtisha kuliko yote: hapakuwa na kosa hata moja la kumlilia afande.

Leonidas akaomba aishike. Akaipima uzito kiganjani, akaielekeza dirishani, jicho moja kalifumba. Nje ya dirisha, Chediel alikuwa ameinama anakaza mnyororo.

“Ghala langu lina panya sana, mama,” akasema taratibu. “Wengine wana baiskeli.”

Mama Chediel alitaka kumwambia: baba, nakuomba, huyo sina mwingine. Akafungua kinywa, na kilichomponyoka hakikuwa hicho.

“Shikamoo.”

Kalamu ya afande ikasimama. Mtu aliyelelewa angeruka kitini, angesema hapana mama, shikamoo wewe, wakacheka yakaisha. Leonidas hakucheka. Alimtazama yule mama mwenye mvi kama mtu aliyeletewa chake kilichochelewa.

“Marahaba,” akasema.

 Mama akaona wazi: ikiwa bastola isiyo na risasi imemfanya yeye amwamkie mtoto, yenye risasi itamfanya Chediel nini?

“Afande, sijatia sahihi?”

“Bado, mama.”

“Basi naisalimisha.”

“Kwa mnunuzi?”

“Kwa serikali. Huyu nimeshamsalimia, inamtosha.”

Afande akakohoa, akaivuta bastola upande wake wa meza. Leonidas akaiachia bila ubishi. Alisema tu kwamba wajane wenye masanduku ni wengi mkoa huu, na kibali chake hakiozi.

Nje, Chediel aliuliza kama imeuzwa. Mama akamwambia imesalimishwa. Akauliza, na paa je? Litavuja, akajibiwa. Kabla hajauliza tena, pikapu ya Leonidas ikapita karibu nao, ikapunguza mwendo, kichwa kikatoka dirishani.

“Shikamoo, mama,” kwa sauti nzuri kabisa, hata waliokuwa wakingoja pale nje wakamwona kijana mwenye adabu.

Chediel akamgeukia mama yake, akingoja aitikie, kwa kuwa kwao salamu haiachwi chini. Mama alishika keria ya baiskeli kwa mikono miwili. Midomo ilicheza, neno halikuja. Lilikuwa limebaki mle ndani, kwa aliyelichukua.

“Tupite njia ya juu,” akasema pikapu ilipopotea. “Ile isiyopita ghalani.”