Mifuko Sita ya Thadeo

Thadeo alikuwa fundi cherehani wa Musoma ambaye mkono wake ulisifiwa mpaka Bunda, isipokuwa katika nyumba moja tu ya Bunda, na hiyo ndiyo nyumba aliyotamani imsifu. Ilikuwa ya baba mkwe wake, Mzee Burito, mtu wa ng'ombe wengi na maneno machache. Kwa Mzee Burito, mwanamume ni miguu: huchunga, huhama, hufuata mifugo iliyoibwa mpaka aipate. Mwanamume anayekaa kitini kutwa akikanyaga cherehani, tena akishona magauni, hakujua amweke kundi gani. "Huyu mume wako," alimwambia binti yake Nyangi mbele ya wageni wa harusi, "siku moja atasahau kutembea." Maneno hayo Thadeo aliyameza, lakini hayakushuka.

Basi mwaka wa sitini na saba, Azimio lilipotangazwa na nchi nzima ikashikwa na homa ya kutembea kuliunga mkono, watu wa Musoma nao wakapanga matembezi yao: Musoma mpaka Butiama, Butiama mpaka Bunda, kwa miguu, mizigo mgongoni. Thadeo akaandikisha jina. Watu wakacheka. Yeye akasema, "Bunda nitaingia kwa miguu yangu, na baba mkwe ataniona." Nyangi akamtumia baba yake habari kwa mtu wa basi, na hapo hapakuwa tena na kurudi nyuma.

Wiki ile akaja dukani Tereza, nesi aliyepangwa kufuatana na msafara. Alibeba shanta kuukuu la jeshi, la kuvaa mgongoni, mdomo mmoja na tumbo kubwa, kila kitu kinazama humo. Alitaka liongezwe mifuko ya nje.

"Mingapi, nesi? Sita?" Thadeo aliuliza, chaki mkononi.

"Miwili."

"Miwili tu? Turubai ipo ya kutosha."

"Fundi, wa kulia bendeji na dawa ya vidonda, wa kushoto maji. Kitu kinachotafutwa mbio ndicho kinakaaga nje. Vingine viingie ndani, na vizito viegemee mgongo."

Kisha akalivaa lile shanta, akafumba macho, akapeleka mkono nyuma. Pale vidole vilipotua akasema, "Weka alama hapo." Thadeo alikuwa amepima vifua na viuno vya watu miaka kumi na minane, na hata siku moja hakuwahi kupima mahali mkono unapofika wenyewe. Alimstaajabia mwanamke yule, akaweka alama.

"Na usiishone moja kwa moja," Tereza akaongeza. "Weka vitanzi na vifungo. Nikifika kwa mgonjwa huwa navuaga mfuko tu naingia nao, shanta linabaki mlangoni."

Hapo heshima ikapungua kidogo. Kwa Thadeo, mfuko wa kuvua ni kazi ya fundi asiyeuamini uzi wake. Alishona kama alivyoagizwa, maana mteja ni mteja. Ila shanta lake mwenyewe alilipachika mifuko sita, mitatu kila upande, kila mmoja mfuko kamili wenye mgongo wake, kwa mshono maradufu wa kufa na kuzikana.

Siku ya kuondoka watu walilizunguka shanta lile kama bibi harusi. Mifuko yenyewe ilikuwa mitupu, maana Thadeo hakuwa na vitu vya kujaza hata miwili. Alifika Butiama mwepesi, akiimba. Kosa lake likaanza kumlipa siku ya pili, na lilikuwa kosa la mtu aliyekaa mjini mpaka akasahau kwao.

Upande ule, msafiri wa miguu hapiti mlangoni kwa watu bila kupewa kitu, na chakula hakikataliwi. Kukikataa ni kumwambia mama wa watu kwamba chungu chake kina sumu. Akina mama walipoiona mifuko ya Tereza imejaa na kufungwa, walimpa kiazi kimoja ale akitembea, wakamtakia safari njema. Walipoona ya Thadeo inapepea, waliona ombi. Mfuko wa kwanza ukaingia michembe ya viazi vilivyokaushwa, wa pili karanga, wa tatu samaki furu wakavu, wa nne mtama, wa tano viazi. Walipokaribia Nyamuswa, bibi mmoja akatia kuku kwenye mfuko wa sita, mzima, kichwa nje. Msafara ulicheka mpaka nyimbo zikakatika.

Thadeo hakucheka. Mzigo ulimvuta nyuma, mikanda ikamla mabega, na walipoivuka Nyamuswa goti likagoma, akakaa chini kando ya barabara. Landrova ya wagonjwa iliyoufuata msafara ikasogea, dereva akamfungulia mlango. Thadeo akakitazama kile kiti. Kiti tena! Ataingia Bunda amekaa, na Mzee Burito yuko njiani anamsubiri.

Tereza alipiga goti mbele yake, macho kwenye uvimbe, mkono ukaenda nyuma wenyewe na kurudi na bendeji kabla fundi hajamaliza kuguna. Alifunga goti, akalibonyeza.

"Goti halina neno. Inayokuua ni mifuko. Ingekuwa ya vitanzi tungeshagawana."

"Nikipunguza chakula?"

"Ukitie wapi? Wenzako mizigo yao ya mgongoni imejaa. Ukimwage, na waliokupa bado wanatuangalia?" Akamnyooshea wembe. "Fumua, ama panda gari."

Hakuna mkono uliowahi kufumua mshono wa Thadeo. Aliupokea wembe akakata mwenyewe, uzi kwa uzi, na machozi yakamtoka mbele za watu. Tereza akapitisha vipande vya bendeji kwenye midomo ya mifuko, akaifunga viunoni mwa watembezi watano, mmoja mmoja. Yule kuku alimbeba Tereza mwenyewe. Thadeo akasimama, akapiga hatua, akapiga nyingine. Aliweza.

Bunda, Mzee Burito alikuwa amesimama barabarani tangu asubuhi, fimbo mkononi. Walipita watembezi wenye mifuko viunoni, akapita nesi na kuku wake, ndipo akatokea Thadeo akichechemea, shanta tupu mgongoni, nyuzi zimesimama kila upande. Mzee alianza kutazama miguu. Ilikuwa na vumbi mpaka magotini. Akamzunguka, akagusa alama za mshono.

"Nani amekuchania?"

"Nimefumua mwenyewe, baba."

"Na ile mifuko ya wale?"

"Ni yangu."

Mzee Burito alimsimamisha mtembezi mmoja, akaushika mfuko wa viazi akauvuta kwa nguvu zote alizobakiza. Bendeji ikalia, mfuko haukuachia hata uzi. Kisha akatoa kikopo chake cha ugoro kilichofungwa kwenye pindo la shuka.

"Hii kopo huwa naiangushaga malishoni. Nishonee mfuko."

Thadeo akamsogelea. "Fumba macho, baba. Shusha mkono."

Mzee yule, asiyeamriwa na mtu, alifumba macho. Mkono ukashuka wenyewe mpaka ubavuni kushoto, kwenye mkanda. Chaki haikuwapo, hivyo Thadeo akaweka alama kwa kidole chenye vumbi.

"Wa kudumu, baba, au wa kuvua?"

"Wa kuvua," alisema Mzee Burito, macho bado kayafumba. "Nyangi akija, niuvue nimwonyeshe kazi ya mume wake."