Jiwe Chini ya Ukungu

Waliomsifu Nyandwi kwa ukungu wa picha zake hawakujua kwamba aliuchukia, kama mtu anavyomchukia mgeni aliyekuja kwa siku mbili akahamia kabisa. Walimwita fundi wa ukungu, naye akacheka nao, maana mkimbizi hujifunza mapema kucheka panapochekwa.

Kwao Burundi, mkoani Muyinga, alikuwa mchora mabango. Duka likifunguliwa aliandika jina lake mlangoni. Saluni ikifunguliwa alichora kichwa chenye nywele zilizokatwa vizuri kuliko kichwa chochote kilichowahi kutoka humo. Kambini Lukole, wilayani Ngara, aliendelea na kazi ileile kwa maneno mengine: PANGENI FOLENI. CHEMSHENI MAJI. Habari za kuchora vilima hakuwa nazo kabisa. Alianza kwa sababu moja tu, na sababu hiyo iliitwa Iteka.

Iteka alikuwa binti yake, mtoto pekee aliyemzaa na mkewe Agripina. Siku walipokimbia vita na kuuvuka mto Ruvubu, alikuwa na miaka mitano. Watu walisukumana kwenye mitumbwi, mkono wa mtoto ukachomoka katika mkono wa baba yake, na upande wa pili hawakumkuta. Mtu mmoja alisema amemwona amebebwa mgongoni na mwanamke, akiwa hai, akilia. Mwanamke huyo ni nani, mtu huyo hakujua.

Kambini kulikuwa na ubao wa picha za watoto waliopotea. Agripina aliupitia kila wiki, mpaka zile sura akazijua kuliko za majirani. Iteka hakuwamo, na wao hawakuwa na picha yake ya kubandika. Hata kama angepatikana mtu wa kumhoji Iteka, yeye angemwambia nini? Kwa mtoto wa miaka mitano, baba anaitwa Data na kwao kunaitwa nyumbani.

"Anachokijua ni jiwe," Agripina alisema siku moja akichambua maharage.

Nyandwi alielewa mara moja. Nyuma ya nyumba yao, kwenye kilima cha Rusenyi, palikuwa na jiwe kubwa lenye mgongo laini ulioinama, na watoto wote wa kilima waliteleza hapo. Nguo za Iteka zilikuwa zinatoboka nyuma kila baada ya wiki chache.

"Nilimchapa kwa ajili ya lile jiwe," Agripina alisema. "Hawezi kulisahau. Lichore, lipelekwe kunakopita watu. Atakayeliona akasema nalijua, huyo ndiye."

Basi akachora. Gunia la msaada alilifua na kulivuta kwenye fremu ya miti, rangi akazitoa kwenye mabaki ya mabango. Akaweka kilima, mikaratusi mitatu, nyumba, mtoto mlangoni, na jiwe. Kila kitu kilionekana kama saa sita mchana. Picha akampa Philbert, mchuuzi wa Biharamulo aliyeleta dagaa na sabuni kwenye soko la kambi, aipeleke Nyakanazi. Njia zote zinakutana pale. Mabasi yanasimama, malori yanalala, na mtu aliyepotea lazima siku moja atapita akinywa chai. Nyandwi mwenyewe asingeweza kwenda. Mkimbizi kutoka nje ya kambi bila kibali kulikuwa kosa.

Baada ya mwezi Philbert aliirudisha.

"Bwana Nyandwi, mkono unao," alisema. "Lakini picha yako inauliza maswali. Mtu amekaa na bia yake, ametoka kuendesha lori tangu Isaka, unamwonyesha nyumba na mtoto mlangoni. Anaanza kuwaza wako wapi hawa. Nani anunue mawazo? Tia ukungu kidogo bondeni, iwe asubuhi."

"Nataka ionekane, Philbert."

"Ikikaa chini ya kitanda chako itaonekana na nani?"

Na hapo mchuuzi yule, kwa maneno yake ya sokoni, alikuwa amemshika pabaya. Picha iliyo wazi ilisema kila kitu, ila haikutoka kambini. Nyandwi akatia ukungu bondeni.

Rangi nyeupe ilikuwa haba, na iliyokuwepo ilikuwa ya mabango. Ukungu akautengeneza kwa unga wa mahindi wa posho, aliouchemsha mpaka ukawa gundi nyepesi, akachanganya na chaki iliyosagwa. Aliupaka kwa kitambaa, tabaka juu ya tabaka, ukakauka ukiwa na weupe laini ambao rangi ya kopo haikuwahi kuutoa. Agripina alilalamika kwamba wanakula kinachobakizwa na picha. Lakini alipika gundi mwenyewe, kwa sababu picha ile ilinunuliwa.

Nyingine zikafuata. Kila mara aliichora Rusenyi yote kwanza, hata mtoto mlangoni, kisha akaifunika. Na kila mara Philbert alirudi na ombi. Ukungu upandishwe hadi kwenye uzio, wateja wameupenda. Ufike kwenye paa. Mtoto afunikwe, anatia huzuni. Nyandwi alikubali huku akijiambia kwamba nyumba zinafanana na watoto wanakua. Jiwe peke yake hakuligusa, likabaki juu ya ukungu, na kwa jiwe hilo bado aliweza kumtazama mkewe usoni.

Mwaka wa nne yakatangazwa maonyesho ya kazi za mikono katika boma la zamani la Wajerumani, mjini Biharamulo. Philbert alikuja akihema kwa furaha.

"Chora moja kubwa, ijae ukuta. Wakubwa watakuja na magari yao, kutoka kila mahali. Ila lile jiwe liondoe, ndugu yangu. Linaonekana kama jino bovu."

Siku nzima Nyandwi alizunguka na neno hilo. Akahesabu akilini kama watu wenye shida wanavyohesabu: wakubwa wakiipenda hii, watanunua nyingine hata zenye jiwe, zitafika mbali, labda hadi Bukoba, labda hadi Mwanza. Mara hii tu. Akamwomba Agripina apike gundi.

Agripina aliiangalia picha, akaangalia sufuria.

"Ukilifunika jiwe," alisema, "sasa unamtafuta nani?"

Akatoka nje. Nyandwi akapika mwenyewe, na kwa kuwa hakuzoea ikawa nzito, akaipaka hivyohivyo.

Kibali cha kwenda Biharamulo alikipata kwa kusingizia kifua, aende hospitali ya wilaya. Badala ya hospitali akaenda bomani, akasimama karibu na mlango kama mtazamaji. Picha yake ilitundikwa katikati ya ukuta. Mgeni rasmi alisimama mbele yake kwa muda mrefu, mikono nyuma, akasema kwamba hapo anaona amani. Watu wakapiga makofi. Nyandwi, aliyejua kila kitu kilichokuwa chini ya amani ile, akapiga makofi pamoja nao.

Kisha akaja mama mmoja mnene mwenye kanga mpya, Bi Domisiana, mwenye nyumba ya wageni kule Nyakanazi. Aliitazama akainamisha kichwa, akaitazama tena.

"Nani kachora?" aliuliza.

"Mtu wa ng'ambo, mama," Philbert alijibu bila kumeza mate. "Yuko hukohuko Burundi, anaishi kwenye kilima hichohicho. Mimi nazifuata mpakani."

Huo ulikuwa wimbo wake kwa kila mteja. Uliwakinga wote wawili na maswali ya vibali, na juu ya hapo, kitu cha ng'ambo watu hukipenda zaidi. Nyandwi alikuwa hatua tatu tu kutoka kwao. Angeweza kusema ni mimi, naishi Lukole, natafuta mtoto wangu. Lakini mfukoni alikuwa na karatasi ya hospitali, na pembeni ya mlango alisimama askari. Akainua macho, akaanza kuchunguza dari.

Baada ya maonyesho picha zenye jiwe hazikuuzika kabisa. Kila mtu alitaka kama ile aliyoinunua Bi Domisiana.

Miaka ikapita. Watu wengine walianza kurudi Burundi. Waliokwenda na kurudi tena walisema Rusenyi hakuna nyumba iliyosimama, waliobaki wamehamishiwa kando ya barabara kuu. Agripina aliendelea kuitwa Mama Iteka na kambi nzima, naye akaendelea kuitika.

Mwaka wa kumi, Philbert alikuja na habari iliyomchekesha Nyandwi kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu: mende wa Nyakanazi wameula ukungu. Wamekula unga na chaki, wameacha rangi. Bi Domisiana anataka fundi, na Philbert alikuwa amechoka kudanganya kuhusu mpaka, akamwambia yule mama kwamba fundi wa kutengeneza anaweza kupatikana kambini. Fundi wa kutengeneza tu, si mchoraji.

Safari hiyo kibali kilitoka bila uongo. Nyandwi alipanda gari na mfuko wenye unga, chaki, vitambaa, na kopo dogo la rangi nyeusi ambalo mchora mabango haachani nalo.

Picha ilikuwa ukutani mapokezi, karibu na ubao wa funguo. Mende walikuwa wameanzia pembeni wakaingia katikati. Mikaratusi ilionekana, nusu ya paa ilionekana, na jiwe lilisimama wazi na mgongo wake laini. Hakuwa ameliona likiachwa wazi kwa miaka sita. Alilisogelea kana kwamba ni yeye aliyerudi nyumbani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi?" Bi Domisiana alikuwa amekonda, na kanga yake haikuwa mpya tena. "Funika hilo jiwe kwanza. Mengine hata yakibaki."

Nyandwi alianza kukoroga gundi. "Jiwe limekukosea nini, mama?"

"Limenichukulia mtoto."

Alivuta kiti akakaa, akamsimulia kama watu wanavyowasimulia mafundi, kwa kuwa fundi ana kazi mkononi na hatakutazama. Mwaka ule wa wakimbizi kuingia, mwanamke mmoja mgonjwa alifika pale na mtoto mgongoni, akafa baada ya siku mbili. Mtoto hakuwa wake, alimwokota njiani. Bi Domisiana hakujaliwa kuzaa, akamchukua. Padri alimbatiza Restituta. Msichana mzuri, mchapakazi. Picha ile alikuwa anaifuta vumbi kila asubuhi kwa miaka sita, akiimba, asiitupie jicho.

"Halafu hawa mende. Siku moja nikamkuta amesimama na kitambaa mkononi. Akaniambia, Mama, mimi niliteleza kwenye hili jiwe. Nikamwambia mawe yanafanana. Akasema hapana, hili nilichapwa kwa ajili yake."

Kijiko cha Nyandwi kilisimama ndani ya gundi.

"Alipokuja kwako, mama," alisema polepole, "alisema anaitwa nani?"

"Iteka. Mwanamke yule alinitajia kabla hajafa. Kwa nini?"

"Yuko wapi?"

"Si nakwambia? Alimuuliza Philbert picha imechorwa na nani na mchoraji yuko wapi, sababu hakumwambia. Philbert akamwambia yuko Burundi, kwenye kilima hichohicho. Dereva mmoja wa huko akaitazama picha, akamtajia kilima. Nikamsihi wiki nzima. Akasema mtu anayelijua jiwe lile namna ile ni baba yake, na kama yuko kule basi anamngoja. Wiki ya tatu leo. Alipanda basi la Ngara, akavuka mpaka pale Kobero na wale wanaorudi."

Basi la Ngara. Lilikuwa linapita njia ileile ya kambi, na asubuhi nyingine Nyandwi aliisikia honi yake akiwa kitandani. Alijaribu kukumbuka asubuhi ya wiki tatu zilizopita alikuwa anafanya nini, akakumbuka. Alikuwa anapaka ukungu.

Aliiweka gundi sakafuni. Akafungua kopo la rangi nyeusi, akachagua brashi ya herufi, na juu ya weupe wote uliosazwa na mende akaandika kwa mkono wake wa zamani, herufi kubwa zilizosimama wima, zinazosomeka hata kutoka mlangoni: ITEKA. DATA NA MAMA TUKO LUKOLE, KIJIJI CHA PILI. NYANDWI.

"Umeiharibu," Bi Domisiana alisema. Kisha akasoma tena, midomo ikitembea, akafika kwenye jina la mwisho, akamtazama fundi. Alifunika uso kwa kanga.

"Iache hapo, mama," Nyandwi alimwomba. "Hata kama ni mbaya."

"Nitaiacha."

Lilikuwa bango zuri kuliko yote aliyowahi kuandika, na wote wawili walijua kwamba aliyepaswa kulisoma alikuwa amekwisha kupita.

Jioni Agripina alimsikiliza mpaka mwisho.

"Miaka kumi tunamtafuta," alisema tu. "Yeye ametutafuta wiki moja akatuona kwenye picha. Tukamwelekeza kwingine."

Kesho yake asubuhi walikwenda kujiandikisha kurudi. Karani hakuinua kichwa. Misafara ya upande wa Rusenyi imesimamishwa, alisema, wanapigana tena huko, hakuna anayeingia wala kutoka, wajiandikishe wangoje. Mbele yao walikuwepo wengine wengi. Nyandwi na mkewe walikwenda kusimama mwisho wa msururu, chini ya bango alilolichora mwenyewe mwaka wa kwanza, lisilo na ukungu wowote: PANGENI FOLENI.