Sura Ambayo Wiebke Alikataa Kuifuta

"Sura ya nne ya tasnifu yako iache, Bi Harms," alisema Profesa Brunken, akimmiminia chai juu ya bonge la sukari. "Kesho tetea zilizobaki, upate udaktari wako kwa amani."

Wiebke alikunywa funda moja. Ukarimu wa mzee huyu ulimkera kuliko ukali wake. Ndiye aliyemlea kielimu, na nadharia iliyompa jina Ujerumani nzima ndiyo hiyo ambayo sura ya nne iliitoboa.

Nadharia ilihusu kanuni za kubadilisha michoro ya nukta na mishale. Kanuni husema: ukikuta nukta mbili zisizo na mshale kati yake, chora mshale. Hilo la "zisizo na mshale" ni sharti. Lisipotimia, kanuni haigusi kitu. Brunken alithibitisha kwamba kosa lolote unaloogopa kwamba litatokea baada ya kanuni kufanya kazi, unaweza kulizuia kwa sharti la kabla. Watu wakamwamini, hata wapangaji wa njia za treni, ambao kwao nukta ni vituo. Ila alipothibitisha alichora nukta moja huku, nyingine kule, na kila aliyemsoma akachora vivyo hivyo. Hakuna aliyejiuliza: nukta zote mbili za kanuni zikiangukia nukta moja ya mchoro je? Kanuni zake ziliruhusu. Hapo mshale unatoka kituoni na kurudi kituo hichohicho, na sharti, linalokagua kati ya nukta mbili tu, limelala fofofo.

Tjark, aliyekaa naye ofisi moja, alimsubiri mlangoni. "Dada, mkono usioweza kuukata, ubusu."

"Nimeubusu miaka yote hiyo," alisema Wiebke. "Midomo imechoka."

Kesho yake, mbele ya jopo, alianza na sura ya nne. Hakuona sababu ya kuzunguka. Alichora nukta moja ubaoni, na mshale unaojirudia.

Brunken alimkatiza. "Hiyo ni hali ya pembeni tu. Mwenye akili hachori hivyo."

"Kanuni haina akili, Profesa. Inafuata ulichoandika, haifuati ulichokusudia."

Mtahini kutoka Berlin, mama mmoja aitwaye Lohmann, alipekua makala ya zamani. "Brunken, umesema wapi kwamba nukta lazima ziwe tofauti?"

"Inaeleweka," alisema Brunken.

"Imeandikwa wapi?" Lohmann aliuliza tena.

Jopo lilitoka kushauriana, likachelewa kurudi. Brunken ndiye aliyesema. "Umefaulu, Bi Harms. Lakini sura ya nne iondolewe kabla tasnifu haijachapwa. Na isipochapwa, unajua mwenyewe, huruhusiwi kujiita daktari."

Wiebke alimtazama Lohmann. Lohmann alitazama viatu vyake. Kumbe naye alikubali. Hasira ikampanda Wiebke mpaka masikio yakawaka moto.

"Basi sitajiita," alisema.

"Usiwe mtoto. Ni kurasa chache tu."

"Kama ni chache, mbona zinakunyima usingizi?"

Alijifuta chaki mikononi, akachukua koti lake. Jioni hiyohiyo aliitayarisha sura ya nne tu, kwa ajili ya jarida lililochapisha nadharia ya Brunken. Penye nafasi ya jina aliandika Wiebke Harms, bila cheo, akaituma.