Hadithi ya Nusu Kichwa

Kinyozi aliyeitwa Redio alikatazwa kusema siku ya Jumatatu asubuhi, lakini mtaa mzima ulikuwa unajua tangu Jumapili, kwa kuwa yeye mwenyewe alipita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu kwamba kesho atakatazwa. Alianza kwa fundi saa, akaenda kwa muuza mkaa, akarudi tena kwa fundi saa maana kuna kipande alikuwa amekisahau. Jioni sauti ilikuwa imemkwaruza mpaka binti yake, aliyekuwa akiishi naye pamoja na mjukuu wake, akamwambia, "Baba, utafika kwa daktari umeshaimaliza mwenyewe."

Kilichomfikisha huko ni kijinyama kilichoota kooni, karibu kabisa na mahali sauti inapotokea. Kwa mwaka mzima kilikuwa kinamkohoza kila akisema maneno mawili matatu, naye hakukijali. Alikohoa na kuendelea. Daktari wa koo, dada mmoja mpole lakini asiyetaka mchezo, alikitoa salama, kisha akamkazia macho.

"Babu, nisikilize vizuri. Wiki mbili hakuna kusema. Hata kunong'ona. Kidonda kikifunga, sauti yako utaipata. Ukikichokoza kwa maneno, inaweza isirudi tena. Umenielewa?"

Redio akafungua kinywa kujibu kwamba ameelewa. Binti yake akamkanyaga mguu.

Asiyemjua Redio anaweza kuona hilo ni jambo dogo. Lakini huyu alikuwa mtu ambaye watu walimwendea kunyolewa hata kama nywele hazijaota. Kibanda chake kilikuwa na kiti kimoja, kioo kimoja chenye ufa pembeni na benchi la wateja karibu na mlango, na yeye alisimama nyuma ya kiti, mashine mkononi, akisimulia. Alisimulia mpaka mteja akasahau kujitazama kwenye kioo amenyolewaje, na wapo waliosema hiyo ndiyo siri ya yeye kudumu kwenye kazi.

Tuseme ukweli, aliogopa sana. Kufa hakukumtisha, rafiki zake wengi walishatangulia na hakuna aliyerudi kulalamika. Kilichomtisha ni kuwa hai, ameketi sebuleni, ana hadithi tele kifuani, na hana cha kuzitolea. Mke wake alikuwa amefariki miaka mitatu iliyopita, na tangu hapo Redio alimweka nyumbani kwa kusimulia habari zake. Akikosa sauti, alijiuliza, huyo mama atakaa wapi?

Binti yake alichukua ufunguo wa kibanda akauficha, kwani alijua mteja mmoja tu angetosha kuharibu kila kitu. Akampa baba yake kalamu na karatasi. Redio akaandika mstari mmoja, wakausoma watu watatu, hakuna aliyeambulia kitu. Mwandiko wake ulikuwa wa mtu ambaye maisha yake yote hakuhitaji kuandika.

Aliyemwokoa ni mjukuu. Alikuwa na miaka kumi, na babu yake ndiye aliyempa jina la Chiriku, kwa sababu tangu alipojua kusema hakupumzika. Chiriku alileta kikombe cha bati na kijiko.

"Babu, ukigonga mara moja ni ndiyo. Mara mbili ni hapana. Mara tatu, unataka chai. Umeelewa?"

Redio akagonga mara moja. Akafikiri kidogo, akagonga mara tatu.

Jioni ile, baada ya kula, sebule ilikuwa kimya mpaka mtu angesikia bomba la jikoni likidondosha maji. Kwa kawaida ule ndio ulikuwa wakati wa babu. Chiriku alivumilia, akavumilia, mwishowe akashindwa.

"Basi nitasimulia mimi," akasema. "Zako, babu. Zote ninazijua."

Akaanza na ile ya mbuzi aliyeingia kibandani akala kalenda ya ukutani kuanzia Januari mpaka Agosti. Ila mbuzi wa Chiriku alikuwa ng'ombe. Redio akagonga mara mbili.

"Najua alikuwa mbuzi. Lakini ng'ombe anachekesha zaidi, mlango hautoshi."

Redio akagonga mara mbili tena, kwa nguvu. Chiriku akaendelea na ng'ombe wake. Mama yake, aliyekuwa akikunja nguo, alicheka mpaka akaangusha shati, na Redio akalazimika kukubali moyoni kwamba kalenda ile haijawahi kumchekesha binti yake hivyo. Alikasirika kidogo. Ilikuwa hadithi yake, na hapa inatembea ndani ya nyumba kwa miguu minne ya ng'ombe asiyemjua.

Siku zilivyokwenda, aligundua kwamba kusikiliza ni kazi ngumu kuliko alivyodhani. Maisha yake yote aliwaona wasikilizaji kuwa ni watu wanaopumzika. Sasa, kijiko mkononi, alichoka. Ilibidi akumbuke nani kasema nini, akisie linalokuja, azuie kucheka kabla ya wakati. Alianza kumkumbuka mkewe kwa namna nyingine, jinsi alivyokaa na sinia la maharage mapajani, akichambua, akisikia hadithi ileile kwa mara ya mia bila kuinua kichwa.

Akagundua na jambo jingine. Kila hadithi ikifika penye utamu, Chiriku alisimama, akakohoa mara mbili, ndipo akamalizia. Mwanzoni alidhani mtoto ana mafua. Kumbe kilikuwa kikohozi chake yeye, kile cha kijinyama. Mtoto alikuwa amekidaka na kukihifadhi pamoja na maneno, akidhani ni sehemu ya hadithi. Redio alipoelewa aliinamisha uso akajifanya anatafuta kitu ndani ya kikombe. Hakugonga.

Zilipobaki siku chache arudi kwa daktari, Chiriku akatangaza kwamba leo ni zamu ya hadithi ya nusu kichwa.

Hiyo ilikuwa hadithi kuu ya nyumba ile. Redio alikuwa kijana, ndiyo kwanza amefungua kibanda, msichana mmoja akamleta mdogo wake wa kiume kunyolewa. Redio alipofika katikati, upande wa kushoto unang'aa, upande wa kulia bado msitu, umeme ukakatika. Ulikatika mji mzima, kwa alivyosimulia yeye; miaka ya karibuni ulikuwa umeanza kukatika hadi miji ya jirani. Msichana asingeweza kumrudisha mtoto nyumbani akiwa nusu kichwa, kwa hiyo akaketi kwenye benchi kungoja. Redio akajidai mkasi wa kumalizia kazi umepotea, kumbe uko mfukoni, akaanza kumsimulia hadithi. Umeme uliporudi, msichana alikuwa ameshanasa. Mwaka uliofuata wakaoana. "Domo hili hili," Redio alikuwa akihitimisha huku akijigonga kidevu, "ndilo lililowaletea bibi."

Chiriku alisimulia vizuri. Kichwa, msitu, mashine kuzima, yote yalikaa mahali pake. Redio akaegemea kiti, akatulia.

"Basi bibi akakaa kwenye benchi," Chiriku akasema, "na ule mkoba wake akautua chini, ukagonga waya…"

Redio akagonga mara mbili. Hadithi ile haikuwa na waya.

"Ulikuwepo, babu. Waya wa mashine. Ulipita chini ukutani mpaka kwenye soketi, pale karibu na benchi. Bibi alikaa kabla ya mashine kuzima, si baada. Umeme haukukatika. Ni mkoba ulivuta plagi ikatoka nusu. Bibi akataka kusema, 'Samahani kaka, ni mkoba wangu,' lakini wewe ulishasema umeme umekatika, na ulishaanza kusimulia."

Kijiko kikabaki hewani. Binti yake akatokea kwenye mlango wa jikoni, mikono ina povu.

"Bibi akasema moyoni, acha amalize hii, halafu nitamwambia. Ukamaliza, ukaanza nyingine. Akasema, basi na hii. Na mkasi aliuona, babu! Ulikuwa umetokeza mfukoni. Akajua kumbe wote wawili hamtaki umeme urudi." Chiriku akasimama hapo, akakohoa mara mbili. "Mpaka yule mtoto akaanza kulia kwa njaa. Ndipo bibi akaisukuma plagi kwa kisigino, polepole, na wewe ukaruka ukasema, 'Umeme huo!'"

Redio akafungua kinywa. Pumzi ilikuwa imeshapanda kooni, neno liko mlangoni kabisa, na Chiriku akaruka kutoka kwenye mkeka akamziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Babu! Sauti!"

Neno likarudi lilikotoka. Redio akatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango, akashika kijiko na kukigonga kikombe bila hesabu, mpaka rangi ikabanduka.

"Hiyo ndiyo nini sasa?" binti yake akauliza. "Anataka chai?"

"Anauliza kwa nini bibi hakumwambia."

Redio akagonga mara moja.

"Alisema ulivyoisimulia wewe ilikuwa tamu, na ulikuwa unajivuna vizuri, hakutaka kukuharibia. Aliniambia mimi tulipokuwa tunachambua maharage. Akasema, 'Babu yako utamwambia siku atakaponyamaza.'" Chiriku akainua mabega. "Nimengoja, babu. Hukunyamaza."

Binti yake alicheka mpaka akaketi sakafuni na povu lake. Redio naye alicheka, bila sauti, mabega yanatikisika, machozi yanamtiririka hadi kwenye ndevu, na hakuna aliyeweza kusema yalikuwa machozi ya aina gani. Yeye mwenyewe hakujua. Alijua tu kwamba amemkumbuka mke wake kuliko siku zote, na kwamba amefurahi kupita kiasi.

Asubuhi alinyoosha mkono mbele ya binti yake akaomba ufunguo, na kwa mara ya kwanza binti akampa bila kubishana. Akaenda na Chiriku. Kibanda kilinuka spiriti na vumbi. Kuta zilikuwa zimepakwa rangi mara nyingi tangu siku ile, lakini soketi ilikuwa palepale, chini, karibu na benchi. Redio aliichomekea mashine kila siku ya maisha yake ya kazi na hakuwahi kuifikiria.

Akaketi kwenye benchi. Lilikuwa benchi lake, alilinunua kwa fedha yake, na hakuwahi kulikalia hata siku moja. Nafasi yake siku zote ilikuwa nyuma ya kiti. Akarudisha mguu nyuma taratibu. Kisigino kikagusa soketi.

Kisha akainua macho. Kutoka pale mtu aliona kiti kwa ubavu, na juu yake kioo, na ndani ya kioo ni lazima uso wa kinyozi ulionekana wote, akiwa amesimama, akisema. Kwa hiyo hiki ndicho mkewe alichokuwa anakitazama siku ile. Kijana mwenye mkasi mfukoni, anayejiona mjanja kuliko wote, anadanganya kwa furaha. Redio alikaa pale muda mrefu.

Siku ya kurudi kwa daktari walikwenda wote watatu. Foleni ilikuwa ndefu hadi kwenye korido. Usiku Redio alikuwa ameota anafungua kinywa na kinatoka mlio wa kijiko. Daktari akamulika tochi kooni, akatazama upande huu na upande ule, akazima tochi.

"Kidonda kimefunga. Haya babu, tusikie. Sema chochote unachotaka."

Binti yake akashika mkoba kwa mikono miwili. Alikuwa amejiandaa kwa mafuriko: wiki mbili za maneno yaliyorundikana, mbuzi wake mwenyewe aliyerudishwa mahali pake, malalamiko kuhusu ng'ombe, na pengine hotuba kwa daktari. Hata leso alikuwa nayo tayari.

Redio akamgeukia mjukuu wake.

"Hebu rudia," akasema, "pale pa waya."

Sauti ilikuwa nzito, ina mikwaruzo kidogo, lakini ni yake. Binti akaitumia leso.

"Siwezi kuanzia katikati," Chiriku akasema. "Haitanoga. Lazima nianzie kwenye kichwa."

"Anzia kwenye kichwa."

"Kichwa gani?" daktari akauliza.

Chiriku akaanza. Kushoto panang'aa, kulia msitu. Mashine ikazima, kijana akasema umeme umekatika, na umeme wenyewe upo. Redio alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Mahali pawili aliona kosa na hakusema kitu. Mtoto alipofika penye utamu akasimama, akakohoa mara mbili, na babu yake akangoja pamoja na wengine.

Nje wagonjwa walianza kunung'unika, na muuguzi akachungulia akauliza kama amwite anayefuata. Daktari alimwonyesha kidole, asubiri kidogo. Kisha, bila kuondoa macho kwa Chiriku, akanyoosha mguu chini ya meza na kuusukuma mlango kwa kisigino, polepole, mpaka ukafungika.