Saa ya Kwanza ya Usimamizi

Dakta Gordon Haugstad alivijua Viwango vya mafunzo kama mlevi anavyozijua saa za polisi kupita mtaani. Alivijua kifungu kwa kifungu, koma kwa koma, ili visije vikamkuta.

Na vilikuwa Viwango vizuri, usifanye mchezo. Vilisema kwamba mwanafunzi wa udaktari wa saikolojia, akishamaliza madarasa yake yote, sharti akae mwaka mzima kituoni akihudumia wateja wa kweli chini ya jicho la mtu aliyekomaa. Kila wiki apate saa nne za usimamizi, mbili kati ya hizo ana kwa ana, yeye na msimamizi wake peke yao. Atazamwe akiwa kazini. Asigeuzwe kibarua wa bei rahisi. Na akionewa, awe na pa kulalamikia.

Katika kituo cha afya ya akili cha Duluth, jimboni Minnesota, kilichokuwa juu ya duka la matairi, malalamiko yalipelekwa kwa mkuu wa mafunzo, naye ni Dakta Haugstad. Kama unamlalamikia Dakta Haugstad mwenyewe, uliruhusiwa kukata rufaa kwa mkurugenzi wa kituo, ambaye alikuwa shemeji yake Dakta Haugstad. Utaratibu huo ulibandikwa ukutani, ndani ya fremu.

Mwaka ule wanafunzi walikuwa wawili. Desmond Pruitt alitoka Georgia, kusini kwenye joto, na tangu Oktoba alikuwa akivaa makoti mawili hata akiwa ofisini. Maren Tollefsrud alikuwa binti wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, msichana wa maneno machache. Kituoni walimwona ni mtulivu. Ukweli ni kwamba alikuwa na hofu tu, lakini wanasaikolojia wenzake hawakuwa na muda wa kugundua tofauti.

Usimamizi wao ulifanyika kwa simu, kutoka ukumbi wa barafu. Haugstad alikuwa nahodha wa timu ya mchezo ule ambao watu wazima husukuma jiwe juu ya barafu, halafu watu wazima wengine hulikimbilia mbele wakilifagilia njia kwa mifagio. Huo ndio uliokula alasiri zake.

"Haya, kuna aliyekufa?" alikuwa akiuliza, huku nyuma yake watu wakipiga kelele.

"Hapana, Dakta."

"Safi. Endelea hivyo hivyo."

Hapo ilihesabiwa saa nzima.

Hakuna aliyelalamika. Kituo kikipoteza ithibati, yaani kibali rasmi cha kufundisha, mwaka wa mwanafunzi nao unapoteza thamani. Hospitali kubwa hazimtaki, na majimbo mengine hayampi leseni. Kwa hiyo watu pekee walioweza kusema kwamba kituo kimeoza walikuwa wale wale ambao wangeangukiwa na paa. Mpango huu ulibuniwa na watu wenye akili sana.

Wakaguzi wa ithibati walipotangaza kuja mwezi wa pili, kituo kilipata uhai. Stoo ya karatasi za chooni ikapakwa rangi ikawa ofisi ya wanafunzi. Haugstad akaitisha kikao, akaleta donati.

"Jamani, sisi hapa ni familia," alianza.

"Familia ambayo baba yuko safarini," Desmond alinong'ona.

"Wakiwauliza mnapata saa ngapi za usimamizi kwa wiki, mtasemaje?"

"Nne," Desmond alijibu haraka.

"Maren?"

"Viwango vinasema nne."

"Sikukuuliza Viwango vinasemaje. Sema nne, ufunge mdomo. Na watataka kuona kikao kimoja cha usimamizi kwa macho yao, basi nitakusimamia wewe. Niletee kesi nyepesi. Yule kijana anayeogopa mitihani, huyo anatosha."

Siku moja kabla ya wageni kufika, Maren alimpokea mteja wake wa Jumatatu, mzee Arvo Rautio, aliyestaafu kazi ya kupakia chuma melini na aliyefiwa na mkewe majira ya kuchipua. Kwa kawaida mzee alizungumzia samaki. Siku hiyo alipanda ngazi akihema, amebeba mashine yake ya kutobolea barafu, ile ya kuvulia ziwani, akaiweka chini miguuni pa Maren.

"Nimekuletea, binti. Mimi sitaihitaji tena."

Maren aliikumbuka sera ya zawadi. Alimshukuru kwa upole, akamweleza kwamba mtaalamu hapokei zawadi za thamani kutoka kwa mteja. Akamuuliza kama yuko salama. Mzee akasema yuko sawa kabisa. Akaiinua mashine yake, akampa Maren mkono, akashuka ngazi taratibu.

Maren alibaki amesimama pale pale. Kuna kitu kilimkaa kifuani, hakukijua jina. Akampigia Haugstad.

"Umeikataa zawadi?" sauti ilisema kutoka barafuni. "Vizuri sana! Hivyo ndivyo taratibu zinavyotaka."

"Lakini Dakta, jinsi alivyosema..."

"Fagia! Fagia, Roger, unalala? Maren, hebu tuyaache hadi kesho. Na usisahau, yule kijana wa mitihani."

Kesho yake wakaguzi wakaja: Dakta Imelda Farquhar, mama mwembamba mwenye miwani shingoni, na Dakta Leland Boyce, aliyekuwa na mafua. Waliketi kwenye kona ya ofisi ya Haugstad, kalamu mkononi. Haugstad alikuwa amevaa sweta ya rangi ya uji, sweta ya mtu anayejali.

"Maren," alisema kwa sauti ambayo pengine hakuwahi kuitumia tangu alipochumbia, "karibu. Kabla hatujaingia kwenye kesi, wewe mwenyewe unaendeleaje?"

Boyce akaandika kitu.

Maren alifungua mdomo amzungumzie kijana wa mitihani. Kijana hakutoka.

"Jana mzee Rautio aliniletea mashine yake ya barafu," alisema. "Akasema hataihitaji tena. Mimi nikaikataa, kwa sababu ya sera. Akanipa mkono, akaondoka."

Haugstad alikuwa bado anatabasamu. Kisha tabasamu likakaa tu usoni, halina kazi.

"Alikupa mkono?"

"Ndiyo."

"Huwa anakupa mkono?"

"Hajawahi."

"Barafu ziwani bado nene, si ndiyo? Watu wanavua mpaka mwezi wa tatu." Haugstad aliivua miwani yake. "Namba yake unayo?"

"Ninayo."

Aligeukia kona. "Nyinyi wawili, tokeni nje."

"Samahani?" Dakta Farquhar alisema.

"Kuna mtu tunampigia simu sasa hivi, na yeye hawafahamu nyinyi. Tokeni. Mfunge na mlango."

Wakaguzi wakatoka na kalamu zao kama watoto waliofukuzwa jikoni. Haugstad alivuta kiti mpaka magoti yake yakakaribia kugusa ya Maren.

"Piga wewe. Anakujua wewe, mimi hanijui. Usizunguke, usimuulize kama yuko salama. Mtu akiulizwa hivyo anasema yuko salama ili asikusumbue. Muulize kwa neno lenyewe."

"Nikimuuliza hivyo nikampandikizia wazo?"

"Humpandikizii. Kama analo, analo tayari, na yuko nalo peke yake. Piga."

Simu iliita muda mrefu. Mzee akapokea, nyuma yake birika lilikuwa likipiga filimbi, na hakuna aliyelitoa jikoni.

"Mzee Rautio, ni Maren wa kituoni." Sauti yake, ajabu, ilikaa imara. "Nataka kukuuliza kitu. Unafikiria kujiua?"

Birika likaendelea kulia.

"Nilidhani utauliza jana," mzee alisema.

Maren alifumba macho. Haugstad alimwekea kiganja mezani, karibu na mkono wake, bila kumgusa.

"Nilitakiwa kuuliza jana," alisema Maren. "Nauliza leo. Niambie."

Mzee akamwambia. Aliongea kama anayeeleza njia ya kwenda mahali. Haugstad alisikiliza kwa sikio moja, jingine likiwa kwenye simu yake mwenyewe, na kila mara alinong'ona neno moja au mawili: uko na nani, mwache anyamaze, hapo usimkatize, mwambie tunakuja. Kwa simu hiyo alimpata Lempi, dada wa mzee Rautio, aliyekaa mtaa wa pili kutoka kwake. Walipofika kwa gari la Haugstad, Lempi alikuwa ameshaingia ndani na koti juu ya aproni, birika limezimwa, na anamgombeza kaka yake kwa Kifini huku amemshika mkono kwa nguvu zote. Bunduki za kuwindia kulungu zikahamia kwa Lempi kabla ya saa sita. Mzee akakubali kwenda hospitali, kwa sharti kwamba Maren akae naye kiti cha nyuma.

Wakati huo wakaguzi walikuwa wakilishwa supu ya kuku na shemeji, aliyewaonyesha ile fremu ya malalamiko mara mbili.

Alasiri wakaguzi walikutana na wanafunzi peke yao, mlango umefungwa. Viwango vinataka hivyo. Dakta Farquhar alikuwa amelainika kabisa.

"Nimekagua vituo vingi," alisema. "Sijawahi kuona msimamizi akimfukuza mkaguzi ili amshughulikie mwanafunzi wake. Huo ndio usimamizi. Mna bahati sana, nyinyi. Huwa ni hivi kila wiki?"

"Karibu kila wiki," Desmond alisema, huku chini ya meza kiatu chake kikitafuta kiatu cha Maren.

Kilikipata. Maren aliusogeza mguu wake.

"Hapana," alisema. "Leo ilikuwa mara ya kwanza."

"Mara ya kwanza kupata dharura?"

"Mara ya kwanza kukaa naye chumba kimoja."

Boyce aliacha kupenga kamasi.

Wakaguzi walipotoka, Desmond alisimama na makoti yake yote mawili. "Umetumaliza, dada! Mke wangu ana mimba, nimekuja kugandia hapa ili nipate leseni, na wewe unawaambia! Si wamependa wenyewe walichokiona?"

"Walichokiona kilikuwa kizuri, Desmond. Ningekipata jana, yule mzee asingeshuka ngazi peke yake."

"Amepona lakini!"

"Amepona kwa sababu wageni walikuwa na ratiba. Wangekuja wiki ijayo, je?"

Desmond akatoka akaenda kumpigia mkewe.

Haugstad alikuwa kwenye korido, ameketi juu ya mabomba ya joto, sweta imefunguliwa.

"Umewaambia."

"Nimewaambia."

"Hata ungesubiri wapande ndege." Alijikuna kidevu. Kisha akauliza, na kwa mara ya kwanza alionekana kama mtu anayehitaji jibu, "Lakini leo nilikuwa mzuri. Au siyo?"

"Ulikuwa mzuri sana," alisema Maren, na machozi aliyoyazuia tangu asubuhi yakamshuka. "Ndiyo maana nimekasirika hivi. Ungekuwa hujui, ningekusamehe. Kumbe unajua yote haya, na ulikuwa unatunyima ukafagie barafu."

Baadaye Haugstad alimweleza shemeji yake kwamba kufagia si kazi yake yeye, nahodha hafagii. Lakini pale koridoni hakusema hivyo.

Uamuzi ulikuja theluji ikianza kuyeyuka. Ithibati haikuondolewa, ila iliwekewa masharti: saa zote za usimamizi zihakikiwe na mtu wa chuo kikuu cha mji mwingine, na njia ya malalamiko isipite tena kwenye meza ya ukoo mmoja. Mwaka wa wanafunzi ulihesabiwa. Desmond alimletea Maren sanduku la machungwa kutoka kwao na hakusema ni ya nini.

Haugstad aliachia unahodha kwa sura ya mtu anayekwenda kutumikia kifungo. Wiki ya kwanza alikuja amenuna, akaketi, akatazama saa ya ukutani. Wiki ya pili aliomba kuona video ya Desmond akiwa na mteja, na baada ya dakika chache akaisimamisha.

"Desmond, huyu mama amekuja kwako kuzungumza, au wewe ndiye umekwenda kwake?"

Ikabainika kwamba tangu Septemba Desmond alikuwa akiwahubiria wateja wake bila kupumua, na wao, kwa adabu za Minnesota, walikuwa wakimshukuru. Alinuna siku mbili. Siku ya tatu alileta video nyingine kwa hiari yake.

Mzee Rautio alitoka hospitali akahamia kwa Lempi, na Jumatatu zake zikaendelea. Sasa hakuzungumzia samaki. Alizungumzia uji wa Lempi, ambao alisema ungeweza kuzibia nyufa za meli. Wakati mwingine alilia, akitaja jina la mkewe, na Maren akawa amejifunza kutomkatiza. Kwa ridhaa ya mzee, Haugstad alitazama kikao kimoja kutoka nyuma ya kioo.

"Dakika za mwisho umeongea sana," alimwambia Maren mzee alipokwisha kuondoka.

"Najua. Niliogopa ukimya."

"Ulikuwa ukimya wake, si wako. Kaa, tuanzie hapo."

Mwaka uliofuata chama cha wanasaikolojia wa jimbo kilimpa Dakta Haugstad tuzo ya msimamizi bora. Alipanda jukwaani na ile sweta ya rangi ya uji, akawaambia waliohudhuria kwamba katika maisha yake yote ya kazi amekuwa akiamini jambo moja tu: msimamizi lazima awepo. Ukumbi ukasimama. Desmond, aliyekuja na mtoto begani, alimtazama Maren kwa jicho la pembeni.

Maren alikuwa na leseni yake tayari, na mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa ameketi kiti cha jirani. Alipiga makofi na wenzake, maana kuanzia theluji ilipoyeyuka hadi mwaka wao wa mafunzo ulipoisha Agosti, maneno yale yalikuwa kweli.