Hay, Nukta

Nilipochagua kusoma historia chuo kikuu, shangazi aliniuliza kama nitaajiriwa na marehemu. Ukoo mzima ukaangua kicheko. Baba peke yake alisema, "Mwacheni, kuna siku mtamtafuta." Basi nikahitimu, nikakaa nyumbani nikifundisha watoto wa jirani hesabu (ndiyo, hesabu!), nikasoma kozi ya kompyuta jioni, na mwishowe nikapata mkataba Idara ya Kumbukumbu. Kazi yenyewe ilikuwa kuhamisha majalada ya zamani ya watumishi wa umma kutoka kwenye makaratasi na kuyaingiza kwenye mfumo. Wenzangu wakanipachika jina la Makumbusho. Sikujali. Vumbi lilinipa mafua, wino uliofifia ulinitoa machozi, lakini kazi niliipenda, tena niliijua.

Balaa lilianzia kwenye herufi tatu. Zamani makarani walipita vituoni kuhesabu watumishi, na asiyeonekana siku hiyo waliandika mbele ya jina lake "Hay." Yaani hayupo. Kaenda likizo, kaugua, kaenda kazini mbali, hayupo tu. Sasa programu waliyotuletea wakandarasi ilikuwa na kazi ya kurefusha vifupisho. Ikaiona "Hay." ikaandika "Hayati".

Loo! Mafundi, madereva, wauguzi, watu kibao wakafa kwa kubofya kitufe.

Nilikimbia kwa mkurugenzi na majalada mkononi. "Tazama, mkuu. Huyu hapa ni hayati, na mwaka unaofuata amesaini kupokea mabuti. Maiti gani huvaa mabuti?"

Alicheka, kisha akajitia hamnazo. Sherehe ya kukabidhi mfumo ilikuwa imekaribia na wageni wakubwa walishaalikwa. "Dada yangu, wewe ni mtu wa historia. Mambo ya mfumo waachie wataalamu."

"Lakini hicho kifupisho ndiyo historia yenyewe!"

"Haya, niandikie dokezo."

Nikaandika. Likaishia kwenye droo. Utepe ukakatwa, picha zikapigwa, rekodi zikafungwa. Sisi tuliozichapa tukabaki na ruhusa ya kuangalia tu, na wa kufungua akawa mkurugenzi peke yake kwa nywila yake.

Baba alikuwa fundi wa madaraja wa serikali, mstaafu, na moyo wake ulikuwa umeanza kumsumbua. Daktari alisema apasuliwe upesi, asicheleweshwe. Wastaafu hutibiwa kwa kadi, na kadi siku hizi inasomwa kwenye mfumo wetu. Kulipia wenyewe tusingeweza hata kama tungeuza paa la nyumba. Nilimsindikiza mwenyewe hospitali. Karani wa mapokezi akaingiza namba, akatazama skrini, akamtazama baba, akauma maneno.

"Mzee... hapa inaonyesha ulishafariki."

"Nilifariki?" Baba akashika kiuno. "Mbona hamkuniambia mapema, nimepanda ngazi zote hizi bure!"

Foleni nzima ikacheka, hata karani. Mimi nilitaka ardhi inimeze. Nilijua kilichotokea hata kabla sijageuziwa skrini. Siku ya kuhesabiwa, baba alikuwa darajani.

"Si ndiyo kazi yako hii, mama?" aliniuliza tulipotoka. Hakuwa akinilaumu. Alifurahi kabisa, kama mtu aliyefungiwa nje akakumbuka kuwa ufunguo anao mwanawe. "Basi nifufue, twende zetu."

Siku hiyohiyo nilimwendea mkurugenzi. "Ni baba yangu, mkuu. Yuko hai, amekaa hapo nje kwenye benchi. Toka umwone."

Hakutoka. "Nikimfungua mmoja, nimekiri kwamba wote wamekosewa. Unataka magazeti yaseme nini? Subiri kamati ya uhakiki ikae."

"Moyo wake hausubiri kamati!"

"Usinipandishie sauti."

Ikawa njoo kesho, njoo wiki ijayo. Mara wajumbe hawajatimia, mara mwenyekiti amesafiri. Wafu wengine nao wakaanza kujaa dirishani kwetu, baadhi yao na mikongojo, na mimi Makumbusho ndiye niliyewekwa kuwajibu. Niliichukia ile kazi. Na nyumbani baba alizidi kuishiwa pumzi. Alikuwa akianza utani, anaukatiza katikati, ananiashiria kwa mkono nimalizie mwenyewe. Nilishindwa kuumalizia.

Hatimaye kamati ikakaa, ikaamua kuwa "Hay." maana yake ni "hayupo". Waliandika ripoti nzima kana kwamba wameligundua wao. Mkurugenzi akaja mezani kwangu, uso umemkunjuka, akaniambia niandae orodha ya watakaorekebishwa.

Baba tulikuwa tumemzika wiki iliyotangulia.

"Pole sana kwa msiba, dada," alisema, huku ameinama kwenye skrini yangu. Akashuka na majina taratibu, akafika, akaweka kidole. "Huyu mtoe. Rekodi yake sasa iko sahihi."

"Haiko sahihi," nilimwambia. "Kwa rekodi hii, alikufa kabla mimi sijazaliwa."

"Tarehe ni jambo dogo. Usitucheleweshee orodha."

Matusi yalinijaa mdomoni. Lakini mkataba wangu ulikuwa ofisini kwake ukisubiri sahihi, na mama sasa hana mwingine wa kumtegemea ila mimi. Nikabofya Ondoa. Mfumo ukaniuliza kama nina uhakika. Mkurugenzi alikuwa bado amesimama nyuma yangu, akinisubiri nibofye Ndiyo, na nikabofya.