Jani Kwanza, Ndipo Uchungulie

Mashine iliyokuwa juu ya meza yangu ya chakula siku ile ilikuwa ya kufuatilia mapigo ya moyo ya watoto wachanga. Mashine moja hutazama vitanda kadhaa kwa wakati mmoja. Imetengenezwa na kampuni ndogo ya Mbeya, na mjukuu wangu Ikupa ndiye aliyeandika kerneli yake, yaani ile sehemu ya ndani kabisa ya programu inayogawa kazi na nafasi. Kazi yake huifanyia hapa nyumbani, Kawetele, Tukuyu, kwa sababu umeme wa jua niliufunga mwenyewe na haukatiki ovyo, na kwa sababu ya ndizi za mama yake.

Mimi nilisoma shule ya jioni baada ya kutwa nzima ya kuchuma chai. Sikubali kitu kikae mezani kwangu bila kujua kinavyofanya kazi. Nilimtaka Ikupa anieleze, naye akanieleza kwa adabu, bila kunirahisishia kama mtoto.

Kumbukumbu ya kompyuta ni kama shamba lililokatwa vipande. Kerneli ina ramani inayoonyesha kipande kipi ni cha kitanda kipi. Mashine ile ina prosesa nne, yaani bongo zake za kufanyia kazi, na kila moja, ili isirudi kwenye ramani kubwa kila mara, hubeba mfukoni nakala ya sehemu inayoihitaji. Kerneli ikichukua kipande cha kitanda kimoja na kukipa kitanda kingine, lazima iziambie prosesa zote zitupe nakala ya zamani, na isubiri mpaka kila moja ijibu. Ikibaki hata moja yenye nakala kuukuu, itaandika mapigo ya mtoto huyu mahali pa mtoto yule.

"Muuguzi atamkimbilia mtoto mzima, babu," alisema Ikupa. "Anayezidiwa atabaki peke yake."

Jambo hilo lilikuwa limetokea hapo mezani, kwenye majaribio, kwa mapigo ya bandia. Lilitokea mara chache, bila kutabirika, na kila alipolifuata lilipotea. Bosi wake, Benson, aliamini kuwa ni waya uliolegea. Siku ile alikuwa anakuja kuichukua mashine, maana wodi ilikuwa inaisubiri. Ikupa asipoonyesha kosa liko wapi, ingekwenda kwa watoto kama ilivyo.

Benson alifika na mvua. Ni mtu wa Tanga, na alikuwa amejifunga skafu kama mgonjwa. Gari lake liliteleza likakwama kwenye njia ya mbele ya nyumba yangu.

"Shikamoo, mzee. Hivi mvua ya Tukuyu haina likizo?"

"Marahaba. Umeziba njia yangu."

"Si mimi, mzee, ni tope lako. Limenichagulia pa kuegesha."

Alikaa, akapewa chai, akaanza kukunja nyaya kabla kikombe hakijapoa. "Ikupa, dada yangu, nimekuheshimu vya kutosha. Kila prosesa inaambiwa, kila prosesa inajibu. Umeandika vizuri. Unatafuta nini tena?"

"Zilizolala hazijibu," alisema Ikupa.

Hapo nilimwomba aeleze, nikamwona Benson akiitazama saa yake. Prosesa isiyo na kazi hulala ili betri idumu umeme ukikatika. Kerneli haiiamshi. Huiwekea alama tu, na prosesa ikiamka huitazama alama hiyo kwanza, na ikiikuta, hutupa nakala ya zamani.

"Kama hapa kwetu," nikasema, nikaridhika.

Lazima nieleze. Sisi Wanyakyusa tuna desturi ya kutila: mkwe wa kike hakutani uso kwa uso na baba wa mumewe. Makanisa yameipunguza, lakini Winfrida, mama yake Ikupa, mke wa mwanangu, anaishika bado, nami namheshimu kwa hilo. Mimi hupita njia ya mbele, yeye ya migombani. Nikitaka kupita migombani, mtu hutumwa kumwambia, na sitoki mpaka ajibu kuwa amesikia. Akiwa amelala haamshwi. Huwekewa jani la mgomba kizingitini. Akiamka akaliona, hungoja. Hilo la jani ni la boma letu tu. Alilianzisha mama yangu.

Basi ng'ombe wangu akaanza kulia zizini, na njia ya mbele ilikuwa na gari. "Ikupa, mwambie mama yako napita nyuma."

Alikwenda jikoni, akachungulia. "Amesinzia, babu. Nenda tu, namkatia jani," akaniitia, akaelekea mgombani na kisu.

Nilitoka. Nilikuwa nimefika kwenye kona ya mgomba mkubwa nilipokabiliana na Winfrida, ndoo ya maganda kichwani. Alipiga yowe, ndoo ikaanguka, akajifunika uso kwa khanga na kugeukia shina la mgomba. Nami niligeukia upande wa pili, maganda ya ndizi miguuni. Benson, aliyekuwa mlangoni na kikombe chake, alicheka mpaka chai ikamwagika.

"Jamani, mna trafiki huku?"

"Jani halikuwepo!" Winfrida alilia, bado ameukumbatia mgomba. "Nimetazama mlangoni, hapakuwa na kitu! Ikupa, unataka kuniua kwa aibu?"

Ikupa alikuwa amesimama hatua chache kutoka mlango wa jikoni, jani mkononi. Hakuomba radhi. Hakucheka. Alikuwa anaangalia jani, kisha mlango.

"Nimechungulia kwanza," alisema polepole. "Nimekuona umelala, ndipo nikafuata jani. Umeamka katikati." Kisha akapiga kelele, "Benson! Ndiyo yenyewe! Nimeandika hivi hivi!"

Alikimbia ndani na jani lake. Nilimfuata, ng'ombe alie tu. Nimeona mafundi wengi katika maisha yangu, lakini sijaona vidole vilivyokwenda vile. Hakurekebisha kosa mara moja, na hapo ndipo nilipovua kofia yangu. Alilinenepesha kwanza. Kati ya kuchungulia na kuweka alama aliingiza kusubiri kidogo kwa makusudi, kama mtu aliyekwenda mgomba wa mbali. Akaiwasha mashine. Mapigo ya kitanda cha kwanza yakatokea kwenye kitanda cha tatu. Akaiwasha tena, yakatokea tena. Kile kilichokuwa kikimkimbia sasa kilikuja kila alipokiita.

Benson aliweka kikombe chini. Hakutaja waya.

Ndipo Ikupa akabadilisha mpangilio. Alama kwanza, halafu kuchungulia. Anayelala atalikuta jani akiamka; aliye macho ataambiwa na kusubiriwa. Na anayeamka naye atangaze kwanza kuwa ameamka, ndipo atazame kizingiti, ili asipatikane mtu wa katikati. Kule kusubiri kwa makusudi alikuacha palepale. Mashine ikafanya kazi mpaka mvua ikaisha, na kila mtoto wa bandia akabaki na moyo wake.

"Unahitaji muda gani kuijaribu sawasawa?" aliuliza Benson.

"Mpaka nitakapokuambia."

"Haya. Wodi nitaiambia mimi." Akazikunjua nyaya alizokuwa amezikunja.

Ng'ombe alikuwa bado analia. Nilisimama, nikachukua fimbo.

"Ngoja, mzee," alisema Benson. Alichukua lile jani mezani, akalipeleka mwenyewe mpaka jikoni na kulilaza kizingitini, na baada ya hapo tu ndipo akainama kuchungulia. "Mama, uko macho? Mzee anapita migombani!"

Nilibaki mlangoni. Wala sikuona vibaya, mtu wa umri wangu, kusimama nikisubiri ruhusa ya kupita shambani kwangu.

"Nimesikia," alijibu Winfrida kutoka ndani. "Apite."

Nikapita.